Kidonda kimekauka, mbona figo inaumwa? Maswali yenu na majibu

*Shikamoo dokta. Mwanangu wa miaka 6 alikuwa na vidonda miguuni, vikakauka kama mwezi umepita. Juzi kaamka macho yamevimba, mkojo umekuwa kama chai ya rangi. Jirani anasema minyoo. (Mama, Nkuhungu)*

Marahaba mama. Mpeleke kituo cha afya leo leo wampime mkojo na presha, maana presha ikipanda sana mtoto anaweza kupata degedege. Hiyo inafanana mno na figo kuvimba baada ya streptokoka, bakteria wa vidonda vya ngozi na wa koo. Iko hivi, mwili ukipambana naye unatoa kingamwili, zinashikana na vipande vya bakteria yanatokea madonge madogo madogo yanayozunguka kwenye damu, na kwa kawaida chembe nyekundu zinayabeba mpaka kwenye ini na wengu yanasafishwa huko basi. Ila yakizidi yananasa kwenye vichujio vya figo, mengine yanajiunda hapohapo kwenye figo, yanaamsha protini za kinga zinazoitwa komplementi, chembe nyeupe zinakuja mbio na hiyo vurugu ndo inaumiza figo. Ndo maana shida inakuja kidonda kimeshakauka: baada ya koo ni wiki 1 mpaka 3, baada ya ngozi wiki 3 mpaka 6. Watoto wengi sana wanapona kabisa mama. Chumvi mpunguzie, na mitishamba ya kutoa uvimbe naomba sana usimpe, mingine inaua figo hizohizo.

*Si apewe tu penisilini iishe? (Mpwapwa)*

Anapewa, kumaliza bakteria waliobaki asiambukize wenzake. Madonge yaliyoshanasa haiyatoi. Hapo kazi ni kupunguza maji mwilini na kushusha presha mpaka figo itulie.

*Babu yetu anatumia dawa za ukoma, sasa ametoka mauvimbe mekundu yanauma na ana homa. Tumwachishe dawa? (Hombolo)*

Hapana jamani, msimwachishe! Hiyo inaweza kuwa riakisheni ya ukoma, yaani kinga ya mwili inawaka dhidi ya bakteria wa ukoma, na madonge yaleyale ya kingamwili na vipande vya bakteria yanahusika, safari hii kwenye ngozi, mishipa ya fahamu, hata macho. Haina maana kwamba ukoma umezidi wala dawa imeshindwa, na wengine inawatokea hata wakiwa wameshamaliza dozi. Arudi kliniki haraka, anaweza kuanzishiwa prednisoloni, dawa ya kutuliza hiyo kinga, na dawa za ukoma zinaendelea kama kawaida. Akianza kusikia ganzi mpya au jicho jekundu linauma msingoje tarehe ya kliniki, ulemavu unaingia hapo na inaniuma sana kuona mtu anapoteza vidole kwa kitu kilichokuwa na dawa.

*Hayo madonge yanapimika maabara? (Mwanafunzi, UDOM)*

Yanapimika, ila kwa mgonjwa wa kawaida majibu yake hayabadilishi matibabu, mimi naona hela iende kwenye kipimo cha mkojo na kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha figo inafanyaje kazi) kwanza. Hospitali kubwa wanaweza kupima C3, moja ya zile komplementi: kwa huo ugonjwa wa figo inashuka halafu inarudi kawaida ndani ya wiki 6 mpaka 8, isiporudi daktari atafute ugonjwa mwingine. Na ASO, kipimo cha damu cha kingamwili za streptokoka, ikiwa haijapanda kwa mtoto wa vidonda vya ngozi usiseme hakukuwa na streptokoka, hicho kipimo kinapanda vizuri zaidi baada ya koo.