Shangazi wa Jikoni: Smuthi nzito ya asubuhi, yenye viungo vinavyosikika

*Shikamoo Shangazi. Kila asubuhi nasaga ndizi, embe, maziwa, barafu na kijiko cha mdalasini wa unga. Nikimimina tu kwenye glasi, dakika chache baadaye maji yako chini, povu liko juu, na mdalasini umeng'ang'ania kwenye kingo. Ulimini nahisi mchanga. Mimi nataka ile smuthi nzito, laini, inayonukia. Je, ninunue blenda yenye nguvu zaidi?*
*Mpenda Mdalasini*

Marahaba, mwanangu. Hela yako iache kwanza. Blenda yako haina kosa, tuangalie unachoiwekea.

Maziwa ya ng'ombe, kwa sehemu kubwa, ni maji: karibu asilimia 87. Barafu ni maji matupu. Kwa hiyo unatia maji mara mbili, halafu unategemea ndizi moja na kipande cha embe viyabebe yote. Haviwezi. Uzito wa smuthi unatokana na vitu vinavyoyashika maji yasikimbie: nyuzinyuzi za tunda lenyewe, protini ya mtindi, na mafuta. Mafuta ndiyo watu wengi huyasahau, na ndiyo yanayoleta ule ulaini unaoteleza. Robo ya parachichi inatosha, au vijiko vikubwa viwili vya korosho ulizoloweka usiku, au tui zito.

Barafu itoe kabisa. Baridi iletwe na tunda. Chukua ndizi zilizoiva hadi ganda limeanza madoa meusi, maana wakati huo wanga wake umeshageuka sukari na hutahitaji kuongeza utamu wowote. Ndizi ambayo haijaiva vizuri bado ina wanga mwingi, na hukwaruza ulimi. Menya, kata vipande, vitandaze kwenye sinia visigusane, gandisha usiku kucha, kisha vihamishie kwenye mfuko. Usigandishe ndizi nzima na ganda lake. Asubuhi utapigana nayo bure.

Sasa kwenye viungo, na hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu ndipo ninapoona smuthi nyingi nzuri zikiharibika. Mdalasini wa unga ni gome lililosagwa. Gome haliyeyuki, utalisaga mpaka uchoke. Harufu yake ndiyo unayoitaka, na harufu hiyo inapenda mafuta kuliko maji, tena inapenda joto. Ukiunyunyiza mkavu kwenye kitu cha baridi, unapata mchanga wote na harufu robo. Kiungo kipikwe kwanza, hata kama smuthi haipikwi.

Mimi hufanya hivi usiku kabla ya kulala. Napasua maganda matatu ya iliki, natoa zile mbegu nyeusi na kuziponda. Natia kwenye mililita 200 za maziwa yasiyoondolewa mafuta, pamoja na kijiti kimoja cha mdalasini na punje moja ya karafuu. Moja tu, kwa sababu karafuu ina yujenoli, ambayo hutia ganzi ulimi na kuzima ladha ya tunda. Nayabandika kwenye moto mdogo mpaka yaanze kutoa mvuke pembeni, naepua, nafunika, naacha dakika kumi. Nachuja. Yakipoa yanaingia friji. Iliki ya unga iliyokaa miezi kabatini haikupi kitu hiki. Harufu yake imeshapaa zamani.

Yaonje maziwa hayo yangali na uvuguvugu, na uyaone yamezidi kidogo. Ndivyo yanavyopaswa kuwa. Ulimi uliopoa unasikia utamu kidogo kuliko ulimi wenye joto, na kinywaji cha baridi hakipandishi harufu puani ipasavyo. Kiungo kinachoonekana kimetosha kikiwa na joto kitapotea kikipoa.

Asubuhi, kwa glasi mbili: maziwa yako yenye viungo, ndizi mbili zilizogandishwa, mililita 100 za mtindi mzito usiotiwa sukari, robo parachichi, vipande vichache vya embe, na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Chumvi hiyo hutaisikia, lakini inapunguza uchungu na kuuamsha utamu wa tunda.

Mpangilio nao una maana. Kama visu vya blenda yako viko chini, maji yatangulie, kisha vitu laini, vilivyogandishwa viwe juu vikishuka kwa uzito wao. Kama jagi lako ndilo la kupindua kichwa chini, geuza mpangilio. Anza taratibu mpaka vipande vivunjike, ndipo uongeze kasi kwa nusu dakika hivi. Ukianza kwa kasi kubwa na kuiacha muda mrefu, unaingiza hewa, na hewa hiyo ndiyo povu lako la juu. Ikikwama, zima, koroga, ongeza maziwa kijiko kimoja kimoja. Usitumbukize mwiko visu vikizunguka, nakuomba.

*Shangazi, smuthi yangu ya papai, maziwa na tangawizi mbichi ni tamu sana nikiitengeneza saa kumi na mbili na nusu. Naibeba kazini. Ikifika saa nne imekuwa chungu na imekatika. Nimebadilisha maziwa, hali ni ileile.*
*Mbeba Chupa*

Maziwa yako ni mazima. Anayefanya kazi humo ni papai, na tangawizi anamsaidia.

Papai lina kimeng'enya kiitwacho papaini, ambacho kazi yake ni kukata protini. Ni hichohicho kinachofanya nyama iliyopakwa papai bichi ilainike. Kikikutana na protini ya maziwa kinaikata vipande vidogovidogo, na baadhi ya vipande hivyo ni vichungu. Papai bivu lina kidogo kuliko bichi, lakini umekipa saa tatu na zaidi, hicho ni kipindi kirefu. Nanasi lina bromelaini, kiwi ina aktinidini, na tangawizi mbichi ina zinjibaini. Zote zina tabia moja. Embe, ndizi na stroberi hazikuletei taabu hii.

Kugandisha hakuui vimeng'enya hivi, kunavilaza tu. Joto ndilo linaloviua. Kwa hiyo una njia tatu. Kunywa papo hapo. Au badala ya maziwa na mtindi tumia tui la nazi, ambalo lina protini kidogo kuliko maziwa, na papai na nazi vinapendana kweli. Au vipashe vipande vya papai kwa mvuke mpaka vipate moto hadi katikati, vipoe, ndipo uvigandishe. Nanasi la kopo limeshapashwa kiwandani, hilo halina shida. Tangawizi ichemshe vipande vyembamba kwenye maji kidogo kwa dakika tano. Itapoteza makali na kupata utamu wa aina yake, na kwa maoni yangu inapatana na matunda vizuri kuliko ile mbichi.

Lakini kuna jambo la pili, na hili ni la usalama. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kinachoharibika kisiachwe kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili, kwa sababu vijidudu huzaana haraka kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi. Smuthi ya maziwa ni chakula cha aina hiyo. Tafuta chupa inayotunza baridi, iweke friji usiku ikiwa tupu, ujaze smuthi ikiwa nzito na baridi kabisa.

*Mwanangu, wenzako wanakuita Shangazi, mimi nina wajukuu kwa hiyo nitakuita mwanangu. Babu yao ana kisukari. Nimeambiwa asali haina shida kama sukari, na kwamba mdalasini unashusha sukari mwilini. Nimtengenezee smuthi ya asali na mdalasini kila asubuhi?*
*Bibi wa Wajukuu*

Shikamoo, mama. Hapana, asali usimtilie. Mwilini asali ni sukari. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linaihesabu pamoja na sukari ya mezani na juisi, na linashauri sukari za namna hiyo zisifike asilimia 10 ya nishati ya siku. Ikiwezekana zishuke chini ya asilimia 5, yaani kama gramu 25 kwa mtu mzima. Kijiko kimoja kikubwa cha asali kina gramu kama 17. Vijiko viwili vimeshapita hapo, na siku haijaanza.

Mdalasini mpe kwa ajili ya harufu, kwa sababu harufu yake humfanya mtu aone kinywaji kitamu hata bila sukari, na hiyo ni faida ya kweli. Ila usiuhesabu kuwa dawa, na dawa zake za hospitali asiziache.

Kwake yeye ningepunguza tunda. Nusu ndizi isiyoiva kupita kiasi, mtindi mzito usiotiwa sukari, robo parachichi, kijiko kikubwa cha mbegu za chia zilizolowekwa, mdalasini na iliki. Glasi iwe ndogo. Hata Uingereza, huduma ya afya ya taifa inawashauri watu wote, wenye kisukari na wasio nacho, wasizidishe mililita 150 za juisi na smuthi kwa siku, kwa sababu tunda lililosagwa sukari yake huachiliwa na meno huishia kuogelea ndani yake. Anywe pamoja na chakula. Na kama mnacho kipimo nyumbani, apime kabla na saa mbili baada ya kunywa, aandike, ampelekee daktari wake. Namba zake zitakuongoza kuliko mimi.

*Shangazi, mdalasini ukizidi una madhara?*
*Mwenye Wasiwasi*

Inategemea ni upi. Iko jamii mbili sokoni. Mmoja ni kasia: gome nene, gumu, lililojikunja tabaka moja. Mwingine ni ule wa Sri Lanka: magome membamba mengi yaliyoviringishwa pamoja, unavunjika kwa vidole. Kasia ina kumarini nyingi, ambayo ikizidi kwa muda mrefu inaweza kudhuru ini la baadhi ya watu. Mamlaka ya Ulaya ya Usalama wa Chakula imeweka kiwango cha miligramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Mtu wa kilo 60 anapata miligramu 6, na kijiko kimoja cha chai cha kasia ya unga kinaweza kupita hapo. Ule wa Sri Lanka una kumarini kidogo mno. Kama unakunywa kila siku, nunua huo, tena wa vijiti, kwa sababu ukishasagwa huwezi kuutambua kwa macho. Na kungumanga ni ya kukwangua mara mbili tatu tu juu ya glasi. Kungumanga nyingi ni sumu.

*Mwanangu ana miezi tisa na anaitamani glasi yangu. Nimpe?*
*Mama Kichanga*

Ikiwa ya kwako ina asali, hapana kabisa. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja hapewi asali hata ya kulamba, kwa sababu inaweza kuwa na mbegu za bakteria wa botulizimu ambazo utumbo wake bado hauwezi kuzizuia. Mpondee ndizi na parachichi, umlishe kwa kijiko. Usimtilie kwenye chupa ya kunyonya. Kama unataka korosho ziwemo, ziwe zimesagwa laini kabisa na aanze kwa kidogo sana, umwangalie.

*Mbona kila mapishi ya smuthi yana ndizi? Mimi siipendi.*
*Asiyekula Ndizi*

Iache, dada, hukosi kitu. Tena iko sababu nzuri ya kuiacha siku unapotumia beri au kakao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kuwa kimeng'enya cha ndizi, kile kinachoigeuza nyeusi ukiikata, hupunguza sana flavanoli, yaani viambato fulani vya asili vya mimea, ambazo mwili unazipata kutoka kwenye kinywaji hicho. Flavanoli ndizo zinazowafanya wengi wanunue beri.

Embe lililogandishwa likiungana na parachichi linatoa uzito uleule. Oti nazo ni hodari: loweka vijiko vikubwa vitatu kwenye maziwa ya viungo usiku, asubuhi zimevimba na zinasagika bila punje. Ila ninayoipenda kuliko zote ni boga. Lipike kwa mvuke mpaka lilainike, liponde, ligandishe kwenye vile visahani vya barafu. Vipande sita vya boga, chungwa moja lililomenywa mpaka ngozi nyeupe na kutolewa kokwa, mtindi mzito, tende mbili zilizolowekwa, na maziwa ya mdalasini, iliki na tangawizi iliyochemshwa. Ile ngozi nyeupe ya chungwa itoe yote, hata kama inakuchosha, kwa sababu ndiyo yenye uchungu na blenda itausambaza kila mahali. Kungumanga kwangua ukishamimina.