Fereti anaburuta miguu ya nyuma: je, ni uzee?

SWALI: Fereti wangu dume (mnyama mdogo wa kufugwa wa jamii ya kicheche) ana miaka 5. Siku hizi huamka amezubaa, anaburuta miguu ya nyuma, anatoa udenda na kujiparura mdomo. Akila anachangamka. Ni uzee? Na nikishikwa na mafua, nimtenge?
Msomaji, Columbus, Ohio

JIBU: Usiusingizie uzee. Kuchangamka baada ya kula kunaonyesha sukari ya damu inashuka, na kwa fereti aliyevuka miaka 3 tunafikiria kwanza insulinoma: vivimbe vidogo vya kongosho vinavyomwaga insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, hata isipohitajika. Daktari wa mifugo atampima akiwa hajala kwa saa 3 hadi 4. Usimshindishe njaa wewe mwenyewe nyumbani, anaweza kuzimia njiani. Wafanye hivyo kliniki. Sukari ikiwa chini ya miligramu 60 kwa desilita, shaka ni kubwa.

Akizimia au akipatwa na degedege, mpake asali kidogo kwenye ufizi kwa kijiti cha pamba. Usimmiminie mdomoni, itaingia mapafuni, wala usitie kidole, maana atang'ata bila kujijua. Akizinduka na kuweza kumeza, mpe chakula chake cha nyama papo hapo, kisha mkimbize kwa daktari siku hiyohiyo.

Asali ni ya dakika hizo tu. Wengi wakiona imemwinua huanza kumlambisha kila siku, na hapo ndipo wanapomuumiza: sukari huvichochea vivimbe kumwaga insulini zaidi, naye huanguka tena muda si mrefu. Zabibu kavu, ndizi na biskuti ziondoke kabisa. Chakula kiwe cha nyama, chenye protini na mafuta mengi, na kisikosekane, hata usiku. Asipitishe saa 4 bila kula.

Upasuaji huondoa vivimbe vinavyoonekana, ingawa mara nyingi vingine huota. Prednisoloni, dawa inayofanana na homoni ya mwili iitwayo kortisoli, husaidia kupandisha sukari. Akishaanza kuitumia usiikatishe ghafla, kwa kuwa mwili unakuwa umepunguza kutengeneza homoni yake ya aina hiyo. Mpango wa kuipunguza ni wa daktari.

Kuhusu mafua: ndiyo, mtenge. Virusi vya influenza vya binadamu humpata fereti, naye anaweza kukuambukiza. Mwingine amlishe, au vaa barakoa na unawe mikono kabla ya kumshika. Dawa zako za mafua usimpe hata tone.