Kiatu kimoja kila asubuhi

Tarehe 1 Januari mwaka juzi tulibandika karatasi kwenye mlango wa friji. Ilikuwa na malengo kumi na mawili, nimeyaandika kwa mwandiko mzuri na kalamu za rangi mbili: kulala mapema, kusoma vitabu, kufanya mazoezi pamoja, kupunguza simu, kutogombana asubuhi, na mengine ambayo leo hata siyakumbuki. Watoto wakatia saini. Mume wangu akatia saini huku akicheka. Mwezi ulipokwisha, karatasi ile ilikuwa imegeuka mahali pa kuandikia namba za simu, na asubuhi zetu zilikuwa zilezile: mmoja kajifungia bafuni, mwingine analia, na mimi nimepiga magoti natafuta kiatu chini ya kochi.

Kiatu chenyewe ni cha kitinda mimba wetu. Kinachopotea ni kimoja tu. Cha pili huwa kipo, kimetulia mlangoni, kinatutazama.

Siku moja nikiwa hapo chini ya kochi nikagundua kwamba lile lengo la "kutogombana asubuhi" halikuwa na maana yoyote. Utafanyaje zoezi la kutogombana? Unaanza saa ngapi, na utajuaje kwamba umemaliza? Ugomvi wetu ulikuwa na chanzo kinachoshikika kwa mkono, nacho ni kiatu, na kiatu hakipotei asubuhi. Kinapotea jioni ya jana yake, mtoto anapokivua akiwa anakimbia. Asubuhi sisi tunakuja kulipa deni tu.

Basi nikaing'oa karatasi nikaweka nyingine yenye mstari mmoja: ukimaliza kupiga mswaki usiku, weka viatu na begi la shule mlangoni. Vyote viwili, kulia na kushoto.

Kwa nini baada ya mswaki? Kwa sababu mswaki nyumbani kwetu ulikuwa umeshazoeleka. Hakuna anayekumbushwa (sawa, mmoja anakumbushwa). Jambo jipya likiegemea jambo ambalo mwili unalifanya tayari, halihitaji mtu wa kupiga kelele. Baadaye nikaja kusoma kwamba mwanasaikolojia Peter Gollwitzer aliandika kuhusu hili mwaka 1999: mtu anayepanga kwa mtindo wa "likitokea hili, nitafanya lile" ana nafasi kubwa zaidi ya kutimiza nia yake kuliko anayesema tu "nitajitahidi". Neno "nitajitahidi" sasa nalikataa nyumbani, na kwangu mwenyewe pia.

Hapa kuna kosa langu, na nalieleza kirefu kwa kuwa naona wengi wanalirudia. Nilikuwa nimesikia kwamba tabia hujengeka kwa siku 21. Nikawatangazia watoto, tukahesabu, na siku ya 21 tukashangilia, nikaibandua karatasi. Haikupita wiki, nikarudi chini ya kochi. Nilikasirika kana kwamba mtoto kanivunjia mkataba.

Ile hesabu ya 21 nilipoifuatilia, nikaikuta ina asili ya ajabu. Inatokana na Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa urembo huko Marekani, ambaye mwaka 1960 aliandika kwamba wagonjwa wake walichukua angalau siku 21 hivi kuzoea sura zao mpya. Kuzoea pua mpya! Hakuwa anazungumzia viatu vya mtoto. Na lile neno "angalau" limedondoka njiani. Uchunguzi ulioniweka sawa ni wa Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu cha University College London, uliochapishwa mwaka 2010. Waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12, kila mmoja akiwa na jambo moja dogo la kufanya kila siku. Wastani wa kufikia hatua ya kulifanya bila kufikiri ulikuwa siku 66, ila tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa mno: makadirio yao yalianzia siku 18 hadi 254. Ukianza tarehe 1 Januari, siku ya 66 inaangukia tarehe 7 Machi. Mwenye bahati mbaya atakuwa bado anahangaika Septemba. Mimi nilibandua karatasi siku ya 21.

Katika uchunguzi huohuo kuna jambo lililonituliza kuliko hesabu zote: kuruka siku moja hakukuharibu kazi iliyokwisha kufanyika. Kabla ya hapo, mtoto akisahau usiku mmoja nilikuwa natoa hotuba. Siku hizi nasema tu, "Kesho, mwanangu," na kesho anaweka. Aliwahi kuugua akapitisha siku tatu bila hata kukaribia mlangoni, na alipopona alirudia kana kwamba hakuna kilichotokea. Hotuba ndizo zilizokuwa zikimfanya aichukie shughuli yenyewe.

Jambo jingine ambalo sikulitarajia. Viatu viliposhika njia yake, watoto walinijia na karatasi yao. "Mama, na wewe una lako." Wakaandika: mama akizima taa ya sebuleni, simu yake ibaki sebuleni. Nilijitetea kwamba simu ndiyo inayoniamsha. Mtoto wa kwanza akaniletea saa ya mezani iliyokuwa kwenye droo, akaitia betri mbele yangu. Sikuwa na la kujibu.

Imenichukua miezi mingi. Nimeiba simu usiku mara nyingi tu, nikinyata kama mwizi kwenye nyumba yangu mwenyewe, na mara mbili nimekamatwa. Ila tangu watoto waone kwamba na mimi nahangaika, wamekuwa wapole na wenzao wanaosahau. Kama unaanzisha kitu nyumbani kwako, kipangie na mtu mzima chake, tena kiwe kigumu kweli. Watoto wanajua lengo la kuigiza.

Mazoezi ya pamoja, kwa wanaouliza, yalikufa na hatukuyafanyia matanga.

Kuhusu tarehe: usijali kama Januari mosi imekupita. Wiki ya kwanza ya mwaka ni mbaya kwa kuanzia, maana nyumba nyingi haziko kwenye ratiba yake, watu wako likizo na usingizi umevurugika. Mwaka 2014 watafiti watatu, Hengchen Dai, Katherine Milkman na Jason Riis, walionyesha kwamba ile hamu ya kuanza upya haiji mwaka mpya tu. Huja pia mwanzo wa wiki, mwanzo wa mwezi, hata baada ya siku ya kuzaliwa. Kwa hiyo Jumatatu yoyote ambayo nyumba imerudi kwenye hali yake inafaa. Sisi huanza siku shule zinapofunguliwa.

Mwaka huu karatasi ya friji imeandikwa na kitinda mimba, kwa herufi zinazopanda mlima. Inasema: baba akivua viatu, aning'inize funguo za gari kwenye msumari. Mume wangu, ambaye kila asubuhi hutuzungusha nyumba nzima kutafuta funguo hizo, ameisoma mara mbili na kuomba apewe muda wa kufikiria.