Maswali ya Wasomaji: Harry Belafonte na Wimbo wa "Malaika"

SWALI: Mhariri, pokea salamu zangu. Hivi karibuni nilisikia redioni wimbo wa "Malaika" ukiimbwa na Miriam Makeba pamoja na mwanamume mwenye sauti ya mkwaruzo mtamu, na mtangazaji akasema kuwa huyo ni Harry Belafonte, mwimbaji wa Marekani. Wenzangu wanashikilia kuwa alikuwa Mjamaika. Naomba utufahamishe alikuwa nani hasa, na wimbo wetu ulimfikiaje. – Msomaji, Tanga

JIBU: Mtangazaji alisema kweli, ingawa wenzako nao hawakutoka mbali. Belafonte alizaliwa Harlem, jijini New York, tarehe 1 Machi 1927, na mama yake alikuwa mhamiaji kutoka Jamaica. Utotoni alipelekwa huko akakaa miaka kadhaa, na ndipo masikio yake yalipozoea nyimbo za makuli na wachuuzi.

Hakuanza maisha akiwa na nia ya kuimba. Baada ya kutumikia jeshi la wanamaji wakati wa Vita Kuu ya Pili, alifanya kazi ya kutengeneza vitu vidogovidogo katika jengo la kupangisha, na siku moja mpangaji aliyerekebishiwa mapazia ya madirisha alimpa tiketi ya mchezo wa kuigiza badala ya bakshishi. Mchezo huo ulimteka. Akajiunga na masomo ya uigizaji, akawa rafiki wa Sidney Poitier, aliyekuja kuwa mwigizaji mashuhuri wa filamu, na akaanza kuimba katika vilabu vya usiku ili apate karo.

Albamu yake ya mwaka 1956, iliyoitwa "Calypso", ilikaa wiki 31 katika nafasi ya kwanza nchini Marekani na kuuza nakala zaidi ya milioni moja. Wimbo wake maarufu zaidi ni ule wa makuli waliopakia mikungu ya ndizi melini usiku kucha: kumekucha, nao wanamwomba karani awahesabie mikungu yao ili warudi nyumbani. Magazeti yakambandika jina la "Mfalme wa Kalipso", jina ambalo hakulipenda, na kwa maoni yangu alikuwa na haki, kwa kuwa kalipso ni muziki wa Trinidad ilhali wimbo ule ni wa kazi wa Jamaica. Tena, nyimbo nyingi za albamu hiyo zilitokana na kalamu ya Irving Burgie, ambaye hatajwi inavyostahili.

Lakini fedha na jina alivyovipata kwa sauti yake alivitumia kwa namna ambayo waimbaji wachache wa kiwango chake wamethubutu. Alifahamiana na Martin Luther King, kiongozi wa kupigania haki za weusi Marekani, mwaka 1956, akawa mfadhili na mshauri wake wa karibu. Mwaka 1964, vijana waliokuwa wakiwaandikisha watu weusi kupiga kura Mississippi walipoishiwa fedha, Belafonte na Poitier waliruka kwa ndege ndogo hadi Greenwood wakiwa na mkoba wenye dola 70,000 taslimu, kisha wakafukuzwa barabarani usiku na magari ya wafuasi wa Ku Klux Klan, kundi la wazungu wabaguzi.

Moyo huohuo ulimfikisha kwetu. Mwaka 1959, Tom Mboya alipokuwa akitafuta nauli za kuwapeleka wanafunzi wa Kenya katika vyuo vya Marekani, barua ya kuomba michango ilitiwa saini na Belafonte, Poitier na mchezaji wa besiboli Jackie Robinson. Wanafunzi 81 waliwasili Septemba mwaka huo, na mpango ukaendelea. Mwaka uliofuata alisafiri Wangari Maathai.

Ama kuhusu "Malaika", wimbo ulivuma Afrika Mashariki kwa sauti ya Fadhili William wa Kenya, ingawa Watanzania wengi humtaja Adam Salim kuwa ndiye aliyeutunga, na ubishi huo haujaisha. Makeba, ambaye Belafonte alimshika mkono alipofika Marekani, aliuimba naye katika albamu yao ya mwaka 1965, na albamu hiyo ikapata tuzo ya Grammy. Matamshi ya Belafonte yana ugeni, bila shaka, lakini maneno ni ya Kiswahili, na aliyaacha hivyo. Alifariki New York tarehe 25 Aprili 2023, akiwa na umri wa miaka 96.

SWALI: Je, ni Belafonte aliyetunga wimbo wa wasanii wa Marekani wa kuchangia wenye njaa Ethiopia? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Hapana. Wazo la kuwakusanya wasanii lilikuwa lake, lakini watunzi ni Michael Jackson na Lionel Richie, na wimbo ulirekodiwa Los Angeles Januari 1985. Belafonte mwenyewe alisimama miongoni mwa waitikiaji, bila sehemu ya kuimba peke yake.