Stars na Morocco kesho: tazama dakika kumi baada ya bao la kwanza

Mdogo wangu uliyeuliza kutoka Tabora, umesema wenzako wa kijiweni wamekwisha kuuhukumu mchezo wa kesho, Jumapili tarehe 4 Januari 2026, kwamba Taifa Stars, timu yetu ya taifa ya Tanzania, wanaingia uwanjani Rabat kuhesabiwa mabao na wenyeji Morocco katika hatua ya 16 bora ya AFCON, fainali za mataifa ya Afrika, na ukataka mtu aliyewahi kucheza akueleze kama kuna sababu yoyote ya kukaa mbele ya runinga kwa matumaini. Nitakujibu kwa urefu kidogo, kwa kuwa nilicheza beki wa kati hapa Kigoma kwa miaka kumi na moja, nikafundisha vijana wa Ujiji kwa miaka mingine sita, na karibu muda wote huo nilikuwa upande wa timu ambayo hakuna aliyeipa nafasi.

Kwa upande wa takwimu wenzako hawajakosea. Tangu tuliposhiriki fainali hizi kwa mara ya kwanza mwaka 1980 kule Nigeria, tumecheza michezo 12 na hatujashinda hata mmoja. Safari hii tumevuka makundi kwa pointi mbili tu; tulilingana na Angola kwa pointi na kwa tofauti ya mabao, tukawapita kwa sababu sisi tulifunga matatu na wao mawili. Morocco ni timu iliyofika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2022, inacheza nyumbani, na katika miaka ya karibuni imetufunga kila tulipokutana: 2-0 Dar es Salaam Novemba 2023, 3-0 San-Pédro Januari 2024, 2-0 Oujda Machi 2025, na 1-0 katika robo fainali ya CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wanaocheza ligi za nchi zao, Agosti mwaka jana, tena kwetu. Michezo minne, mabao manane, sisi hatuna hata moja. Ushindi wetu wa 3-1 dhidi yao Dar es Salaam mwaka 2013, siku Thomas Ulimwengu alipofunga moja na Mbwana Samatta mawili, ni wa zamani mno kuutegemea.

Hata hivyo matokeo ya mwisho hayakuambii mchezo ulivyokwenda. Chukua kalamu uyapange mabao hayo kwa dakika, kwa kuwa hapo ndipo niliposhtuka mimi.

Kule San-Pédro Romain Saïss alifunga dakika ya 30, na hadi dakika ya 70, alipotolewa mchezaji wetu Novatus Miroshi kwa kadi nyekundu, ubao ulikuwa bado unasoma 1-0. Mawili yaliyobaki yalikuja dakika ya 77 na ya 80. Kule Oujda tulikwenda mapumziko tukiwa sare tasa, kisha tukafungwa dakika ya 51 na ya 58. Ukirudi nyuma hadi Cairo mwaka 2019, Algeria walitufunga dakika ya 34, wakarudia dakika ya 39, wakamalizia katika dakika za nyongeza za kipindi kile kile cha kwanza. Kazi yote ilichukua kama dakika kumi na mbili. Na mwezi uliopita pale Fez, katika mchezo tulioucheza kwa heshima kubwa dhidi ya Nigeria, Charles M'Mombwa alisawazisha dakika ya 50, na kabla sisi huku hatujamaliza kukumbatiana Ademola Lookman alikuwa ameshafunga la pili, dakika ya 52. Hapo hata hatukuwa tumetoka kufungwa, bali tulikuwa tumetoka kufunga sisi, na bado dakika zinazofuata bao zikatugharimu.

Kwa hiyo ugonjwa wetu mbele ya timu kubwa si bao la kwanza, maana hilo hata timu nzuri hufungwa na Morocco. Ugonjwa ni muda mfupi unaofuata, pale wachezaji kumi na mmoja wanapoacha kuwa timu na kila mmoja anataka kurekebisha mambo peke yake. Naujua ugonjwa huu kwa sababu niliugua.

Nilikuwa na miaka 23. Timu moja ya ligi kuu, ambayo sitaitaja, ilikuja kucheza mchezo wa kirafiki katika Uwanja wa Lake Tanganyika, nasi tulikuwa kikosi cha wavuvi, makuli wa bandarini na mwalimu mmoja wa shule ya msingi. Kwa saa nzima tuliwabana hadi mashabiki wao wakaanza kuwazomea. Dakika ya 61 wakapiga shuti la kawaida kabisa, likamgonga beki wetu wa kulia gotini na kubadili njia. Nilikuwa hatua mbili nyuma yake, nililiona goti lile likiguswa. Kipa wetu aliuchomoa mpira wavuni kwa hasira akaupiga hadi katikati ya uwanja, nahodha akaudaka huku akitupigia kelele twende tukarudishe, na kabla sekunde ishirini hazijapita tulikuwa tumeanza upya wakati beki yule bado ameinamisha kichwa na soksi yake moja imeshuka hadi kifundoni. Mimi, ambaye kwa saa nzima sikuwa nimevuka mstari wa kati, nilijikuta karibu na kumi na nane yao, lile boksi la mbele ya lango lao. Hakuna aliyeniamuru nipande. Ilikuwa aibu tu, ile aibu ya kufungwa mbele ya watu wa mtaani kwako, ambayo inakusukuma ufanye chochote mradi uonekane unafanya. Bao la pili lilipita mahali hasa nilipopaswa kuwa nimesimama. Hadi filimbi ya mwisho yalikuwa matano.

Mwalimu wetu wa timu hakutugombeza. Jumatatu, kwenye mchanga wa Kibirizi tulikokuwa tukifanyia mazoezi hatua chache kutoka majini, alitupangia zoezi lililotuchekesha wote: tulifungwa kwa makusudi, kisha tukafundishwa kutembea. Kipa aliruhusiwa kuutoa mpira wavuni lakini si kuurusha. Alitakiwa kumkabidhi beki wa kati mkononi, na beki anautembeza hadi katikati, akimgusa kila mwenzake begani njiani na kumtajia namba ya mtu anayemkaba. Kwa dakika kumi baada ya hapo mabeki wa pembeni hawapandi, na mpira wowote wenye mashaka unapigwa nje, hata ukiangukia ziwani, alisema mzee yule, na mara mbili uliangukia ziwani kweli. Hatukuacha kufungwa baada ya zoezi lile, ila hatukufungwa tena matano.

Usije ukadhani nashauri kupaki basi, yaani kujazana wote nyuma, kwa dakika tisini. Kupaki basi dhidi ya Morocco kuna matatizo yake, hasa kwa kuwa Brahim Díaz anapenda kushuka katikati ya mistari kupokea mpira huku Ayoub El Kaabi akisubiri ndani ya boksi, na ukirudi nyuma mno unawapa wote wawili wanachokitaka. Brahim amefunga katika kila mchezo wa makundi. El Kaabi amewafunga Comoro kwa tiktaka na Zambia mara mbili. Achraf Hakimi naye amerejea kutoka majeruhi, akaingia akitokea benchi dhidi ya Zambia, na akianza kesho upande wetu wa kushoto utakuwa na kazi ya kutosha. Ninachosema ni kwamba nidhamu ya kujilinda lazima iongezeke mara tu baada ya bao, wakati ambapo moyo wa mchezaji unamwambia kinyume.

Mfano wa karibu ni wa hapa hapa kwetu. Julai 2021, fainali ya Kombe la Shirikisho kati ya Simba na Yanga ilichezwa Kigoma, nami nilikuwa jukwaani nikiungua jua kama samaki wa kukausha. Mukoko Tonombe wa Yanga alitolewa kwa kadi nyekundu kabla ya mapumziko, na wengi tukasubiri mvua ya mabao. Haikunyesha. Yanga wakiwa kumi walijipanga upya kwa utulivu mkubwa, wakauchelewesha mchezo kila walipoweza, wakafika dakika ya 79 kabla Taddeo Lwanga wa Simba hajafunga bao pekee. Walipoteza kombe, ndiyo, lakini hadi mwisho walikuwa wanahitaji mpira mmoja tu kuurudisha mchezo, na mnyonge akiwa bado anahitaji mpira mmoja tu, timu kubwa huanza kuogopa.

Morocco wenyewe wanaijua hofu hiyo vizuri. Mwaka 2019, katika hatua hii hii ya 16 bora, walikutana na Benin, timu iliyokuwa imetoka sare michezo yote mitatu ya makundi, yaani nayo ilifika pale bila kushinda kama sisi. Benin walitangulia kufunga. Hakim Ziyech wa Morocco akagonga mwamba kwa penalti katika dakika za nyongeza, wakaenda dakika thelathini za ziada, Benin wakabaki kumi, na mwishowe wakashinda kwa mikwaju ya penalti. Kitu ninachopenda kuwakumbusha watu ni kwamba Youssef En-Nesyri aliwasawazishia Morocco dakika ya 75, wakati ambao timu ndogo kwa kawaida husambaratika, na Benin hawakusambaratika. Miaka mitano baadaye Afrika Kusini waliwatoa tena Morocco katika hatua hiyo hiyo kwa 2-0, safari hii Hakimi akigonga mwamba kwa penalti zikiwa zimebaki dakika chache. Sidai kwamba kuna mkosi, ila mashabiki 60,000 na zaidi watakaokuwa uwanjani Rabat wanayakumbuka hayo yote, na kila dakika itakayopita bila bao la pili itawakumbusha zaidi.

Hata katika fainali hizi za sasa ushahidi upo. Comoro waliwazuia hadi dakika ya 55, na kabla ya hapo Morocco walikuwa wamekosa penalti. Mali walifungwa kwa penalti mwishoni kabisa mwa kipindi cha kwanza, wakaenda mapumziko, wakarudi wakiwa wamejipanga vile vile, wakasawazisha kwa penalti yao, ikawa 1-1. Naamini mapumziko yaliwasaidia Mali kama vile mwalimu wetu alivyotaka tutembee: yaliwapa muda wa bao kupoa.

Na hapa ndipo ninapopata matumaini yangu, maana Stars nao wameonyesha kitu kama hicho juzi. Tunisia walitufunga kwa penalti dakika ya 43, na Feisal Salum akasawazisha dakika ya 48. Tulikaa na bao lile kwa dakika chache, tukaingia vyumbani, tukatoka tukiwa timu. Mwalimu wa Stars, Miguel Gamondi, anaufahamu mpira wa Morocco, kwani alishafundisha huko, na sioni kwamba atawaacha vijana waingie kichwa kichwa. Swali ni kama wanaweza kujituliza wenyewe uwanjani, bila dakika kumi na tano za kukaa chumbani. Hiyo ni kazi ya nahodha Samatta na ya mabeki wa kati, na haifanywi kwa kelele.

Kuhusu kufunga, sina mengi. Tutapata nafasi mbili, pengine tatu, nyingi zikitokana na mipira ya adhabu au mashambulizi ya kushtukiza nyuma ya mabeki wao wa pembeni wanapopanda. Simon Msuva amekuwa akifunga nafasi za namna hiyo kwa miaka mingi. Ningependa aanze, ingawa najua wengi humu mtanipinga.

Ukinilazimisha kutaja matokeo, naandika Morocco 2, Stars 1, na naandika hivyo kwa shingo upande. Ila nakupa kipimo changu ukitumie kesho: tukifungwa la kwanza, tazama saa. Tukimaliza dakika kumi tangu hapo bila kufungwa tena, mwambie mwenzako wa kijiweni aliyezima redio aiwashe, kwa sababu kuanzia hapo mchezo ni wetu sote.

Mimi nitakuwa kwenye kibandaumiza cha Ujiji, kibanda chetu cha kutazamia mpira. Mwezi umekuwa mpevu leo, wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani kwa kuwa taa hazivuti kitu kwenye mbalamwezi, kwa hiyo patajaa mapema, na nimekwisha kumwomba mwenye kibanda anitunzie nafasi kwenye benchi la mbele upande wa kulia. Runinga zina tabia ya kukatiza kwenye marudio mara bao linapoingia, na wanaposhangilia hutaona la maana. Subiri picha irudi uwanjani, kisha umtafute aliyeushika mpira wetu, uangalie kama anakimbia nao au anatembea.