Kisu cha keekee kikilegea, usikimbilie kukaza

Nilikisikia kisu changu kikiondoka. Ilikuwa Januari, tuko Mille Lacs, lile ziwa kubwa kaskazini mwa Minneapolis, mimi na shemeji yangu. Keekee, chombo chetu cha kutobolea barafu, ilikuwa imeshazama karibu urefu wa mkono mzima, imebakiza kidogo tu kugusa maji. Ikalia "ka!", ikaruka, ikanipinda kifundo cha mkono, kisha ikawa inazunguka bila kukata kitu. Nikasukuma mara moja zaidi, maji yakapanda. Tulipoitoa, upande mmoja una kisu, upande wa pili una matundu mawili ya bolti, matupu. Kisu kiko chini ya ziwa mpaka leo.

Naandika haya kwa ajili ya ndugu zetu walioanza kuvua juu ya barafu huku Minnesota, maana kila msimu napigiwa simu na mtu ambaye visu vyake vinalegea. Mimi ni mtoto wa Ukerewe. Nimekua nikiona nyavu na mitumbwi, sikuwahi kufikiri kwamba uvuvi wangu siku moja utategemea bolti nne.

Kwa asiyeijua, keekee ya barafu ni chuma kirefu kilichosokotwa kama parafujo kubwa, kinatoboa tundu la kupitisha mshipi. Nyingine huzungushwa kwa mkono, nyingine kwa injini ndogo, na siku hizi wengi tunaifunga kwenye dreli ya betri. Mwishoni mwake kuna visu viwili, na kwenye hii yangu kila kimoja kinashikwa na bolti mbili. Kazi yote inafanywa na visu hivyo. Kimoja kikilegea hata unene wa karatasi, pembe yake ya kukata inabadilika: badala ya kukwangua barafu, kinaing'ata. Kikiing'ata na dreli yako ina nguvu, kinachozunguka ni mkono wako. Kwa hiyo nalisema hili kwa uzito: kisu kilicholegea kinaweza kukuvunja mkono ukiwa kilomita mbili kutoka nchi kavu.

Kosa langu halikuwa uvivu wa kukaza. Nilikuwa nakaza kila siku! Kila tulipofika ziwani natoa alenki, kile kichuma cha pembe sita kilichopinda, nakaza kwa nguvu zangu zote. Kesho yake bolti zimelegea tena. Nikakaza zaidi, hadi meno ya bolti moja yakaanza kuisha. Bolti ikishajivuta kupita kiasi haishiki tena, hata ukiiona imefika mwisho.

Niliporudi nyumbani nikafungua kisu kilichobaki, ndipo nikaona tatizo lenyewe. Pale kisu kinapokaa palikuwa na kutu, mabaki ya rangi na chembe za mchanga. Chuma hakikuwa kimelalia chuma. Maji yanaingia katika mwanya huo, yanaganda, na maji yakiganda yanatanuka kwa karibu asilimia 9. Yanakiinua kisu polepole. Ukiiweka keekee kwenye gari lenye joto barafu ile inayeyuka, ukiitoa nje inaganda tena. Baada ya safari kadhaa za namna hiyo, bolti imeshachoka.

Jambo la pili lilikuwa bolti zenyewe. Za asili nilikuwa nimepoteza moja, nikanunua nyingine nne dukani kwa kukadiria kwa macho. Hapa Marekani bolti zinauzwa za inchi na za milimita, na zinafanana mno. Bolti ya milimita 6 inaweza kuingia kwenye tundu la robo inchi na ukadhani imeshika, kumbe meno hayalingani, inacheza. Halafu kuna vichwa. Bolti ya kichwa bapa kinachozama ndani ya kisu ina mteremko wake: ya inchi kwa kawaida ni nyuzi 82, ya milimita ni nyuzi 90. Ukichanganya, kichwa kinagusa ukingo mwembamba tu badala ya kukaa chote. Tangu siku ile nanunua bolti za mtengenezaji wa keekee yenyewe, za urefu uleule, hata kama bei inauma. Fupi inashika meno machache, na ndefu inatokeza upande wa pili.

Sasa, jinsi ninavyofanya. Kazi hii ni ya nyumbani, mezani, penye joto, walau siku moja kabla ya safari. Ukishafika ziwani na vidole vimekufa ganzi kwa baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, umechelewa. Navaa glavu nene, kwa sababu visu hivi ni wembe kabisa. Navifungua vyote viwili. Nasugua pale kisu kinapokaa kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, nasafisha matundu na meno ya bolti kwa spiriti, naacha vikauke. Mafuta yakibaki kwenye meno, gundi haitashika.

Gundi ninayosema ni ile ya majimaji ya kuzuia bolti kulegea, mafundi wa magari wanaijua. Chukua ya bluu. Ya bluu inashika vizuri na bado unaweza kuifungua kwa alenki ya kawaida. Nyekundu inataka moto ndipo iachie, na ukichoma chuma karibu na makali ya kisu unaua ugumu wake. Tone moja kwenye meno linatosha. Gundi hii hukauka ikiwa imebanwa kati ya chuma na chuma bila hewa, na baridi huichelewesha sana, kwa hiyo kuipaka ukiwa umepiga magoti juu ya barafu ni kuipoteza bure. Ndani ya nyumba iache saa 24. Bolti zisizoshika kutu nazo huichelewesha, zipe muda zaidi.

Kukaza nako kuna utaratibu. Ingiza bolti zote kwa vidole kwanza, hakikisha kisu kimelala sawasawa, kisha kaza kidogo hii, kidogo ile, ukipokezana. Ukiimaliza moja kabla ya nyenzake, kisu kinainuka upande. Kama kitabu cha keekee kinataja kipimo cha kukaza, kifuate. Kama hakitaji, nguvu ya kiganja kwenye alenki fupi inatosha. Usiongeze bomba kwenye mpini.

Mwisho nachora mstari mwembamba wa rangi nyeupe kuanzia kichwa cha bolti hadi kwenye kisu. Mzee mmoja jirani yangu, mvuvi wa miaka mingi wa hapa, ndiye aliyenionyesha, na kwangu limekuwa jambo la thamani kuliko yote. Bolti ikizunguka hata kidogo, mstari unakatika na unauona. Zamani nilikagua kwa kujaribu kukaza tena, bila kujua kwamba kila nikiizungusha bolti navunja gundi iliyokwisha kukauka. Siku hizi naangalia tu. Baada ya matundu mawili ya kwanza nainua keekee, nafuta kwa glavu, natazama. Mstari ukiwa umekatika, natoboa kwa keekee ya mwenzangu na hii inarudi nyumbani kutengenezwa.

Kuna tabia za ziwani zinazolegeza visu hata vilivyofungwa vizuri. Kugonga keekee juu ya barafu ili theluji idondoke ni mojawapo. Itikise tu, au zungusha mara moja ndani ya maji. Kutoboa penye kina kifupi hadi ukagusa mchanga ni nyingine. Kisu kikiwa butu unalazimika kukandamiza, keekee inatetemeka, na mtetemeko ndio unaofungua bolti. Keekee yenye makali inashuka kwa uzito wake, wewe unaishikilia tu. Ukijikuta unaiegemea kwa kifua, noa au badilisha visu, na ubadilishe vyote viwili kwa pamoja.

Jioni, kabla sijagusa samaki, nafuta visu vikauke, napaka mafuta mepesi juu ya makali, navalisha kifuniko chake. Kwenye mfuko wa koti kuna kikopo chenye jozi ya visu, bolti nne na alenki ya saizi yake. Kwa msimu huu sijakifungua. Mstari mweupe niliouchora Desemba haujakatika, na juzi tulirudi na samaki wanne aina ya walleye.