Biashara Changa na Mzigo wa Ahadi

Watu wengi wanaofungua biashara hudhani kwamba kitakachowalemea ni kazi yenyewe. Mimi ninaendesha duka la ushonaji jijini Dar es Salaam, na nimeona kwamba fundi anaweza kukaa kwenye cherehani tangu asubuhi hadi magharibi na bado akalala fofofo. Kinachomkosesha usingizi ni ahadi: gauni la mama aliyeambiwa aje Alhamisi, pango la fremu ambalo mwenye nyumba anataka lilipwe la miezi 6 kwa mkupuo, mteja aliyechukua suti kwa mkopo na sasa hapokei simu. Mambo hayo yakikaa kichwani kwa pamoja, hata lile dogo huonekana halibebeki.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kuyatoa kichwani na kuyaweka kwenye karatasi. Katika daftari langu la oda kila mteja ana sehemu yake: vipimo vya bega, kifua, kiuno na urefu, kisha siku ya kujaribisha, siku ya kuchukua, fedha ya awali na salio, na pembeni kipande kidogo cha kitambaa kilichobanwa kwa pini ili vitenge viwili vya rangi moja visije vikabadilishana wenyewe. Mteja akiuliza lini nguo itakuwa tayari, sijibu kabla ya kufungua ukurasa wa siku anayoitaka na kutazama ni nguo ngapi zimekwisha kuandikwa. Sisi mafundi tuna sifa mbaya ya “njoo kesho”, na ninaamini kwamba wengi wetu si waongo. Tunaahidi kwa kumwonea mtu haya, naye akisema, “Fundi, nifanyie tu, ni kigauni kidogo,” tunashindwa kumwambia kwamba siku hiyo imejaa. Mwambie. Atanuna kidogo, lakini kununa huko ni kwepesi kuliko ugomvi wa mtu aliyefuata nguo ya sherehe akaikuta haijatiwa hata oveloki, ule mshono wa kuzuia kingo zisifumuke.

Pili, ifahamu kalenda ya biashara yako, kwa sababu msongo wa mwenye biashara mara nyingi huja kwa misimu. Kwetu Januari ni sare za shule, Desemba ni harusi na Krismasi, na siku za mwisho za Ramadhani ni kanzu na magauni ya Idi. Kodi nayo ina kalenda yake: mlipa kodi ya mapato ya makadirio ambaye mwaka wake wa hesabu unakwisha Desemba huilipa Mamlaka ya Mapato (TRA) kwa awamu 4, na ya kwanza mwisho wake ni Machi 31. Mwaka 2025 Idi el-Fitri iliangukia tarehe hiyohiyo, ilhali Machi karibu yote ilikuwa ya Ramadhani na Kwaresima kwa pamoja, vipindi ambavyo harusi hupungua sana na oda zake hupungua nazo. Yote hayo yalikuwa yanajulikana tangu Januari, ingawa siku kamili ya Idi husubiri mwezi kuandama. Anayeyaandika mapema hupata nafasi ya kutenga fedha kidogo kila wiki, ikiwemo ile kodi ya zuio ya asilimia 10 ya pango, ambayo mpangaji huikata kwenye pango na kuipeleka TRA, na ambayo aliye mgeni katika biashara huwa hana habari nayo mpaka aulizwe.

Kuhusu kuwa na moyo wa matumaini, sina imani kubwa na maneno matamu ya kujiambia mbele ya kioo. Matumaini yangu huyapata katika daftari lile lile, ninapoona jina la mteja limerudi mara ya pili, safari hii akiwa amemleta dada yake. Huo ni ushahidi, na siku ya mauzo mabaya nafsi huhitaji ushahidi. Picha za maduka ya wenzetu mitandaoni hazisaidii, maana hakuna anayepiga picha ya deni lake. Afadhali kuzungumza na mtu mmoja aliyekutangulia katika kazi hiyo, au wenzako wa kikoba, kuliko kukaa kimya ukijifanya mambo ni shwari. Usingizi ukikataa kwa wiki kadhaa, nenda kituo cha afya. Hilo halitatuliwi na daftari.

Lipo pia suala la kugawa kazi. Kukata kitambaa ninakata mwenyewe, kwa kuwa kosa la mkasi halirudishiki, lakini vifungo, pindo na pasi ninamwachia kijana anayejifunza, hata kama atachukua muda mrefu kuliko mimi. Na siku ikijaa kabisa, ninampeleka mteja kwa fundi jirani ninayeiamini kazi yake. Mwanzoni watu walinishangaa kwa hilo, wakisema ninafukuza riziki, lakini Januari sare zinapomzidi, jirani huyo huniletea zake.